Mhusika na Kipande Chake: Uumbaji wa Wahusika katika Ulimwengu wa Wanyonya Damu

Utangulizi

Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wamezoea kumjadili mhusika aliyekwisha kuumbwa. Huulizwa kama ni bapa au ni duara, kama anasadikika au hasadikiki, na kama analiwakilisha tabaka lake ipasavyo. Ni nadra kuulizwa ameumbwaje: ni jambo gani lililotangulia kuandikwa juu yake, na ni nani aliyeliandika. Uko mchezo mmoja wa mezani ambao humlazimisha kila anayeushiriki kulijibu swali hilo kabla hadithi haijaanza. Makala hii inakusudia kuuchunguza mchezo huo pale hadithi yake inapotokea katika nchi inayotawaliwa na wanyonya damu, na kuulinganisha na masimulizi ya mumiani ya Afrika ya Mashariki pamoja na riwaya ya Ngugi wa Thiong'o, Shetani Msalabani. Itadaiwa kwamba katika ulimwengu wa namna hiyo mhusika hawezi kuumbwa vyema kwa kuhesabiwa nguvu zake. Sharti kwanza ijulikane anamfanyia nani kazi, na kwa deni gani.

Mhusika wa Dadu

Mchezo wenyewe ulichapishwa kwa mara ya kwanza nchini Marekani mwaka 1974 kwa jina la Dungeons & Dragons, nao ulikuwa kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson. Watu wachache huketi kuizunguka meza. Mmoja wao huwa msimulizi na mwamuzi. Kila mmoja wa waliosalia humchukua mhusika mmoja, akasema kwa kinywa chake na kuamua kwa niaba yake. Pale ambapo matokeo hayana hakika, dadu hutupwa. Kwa hakika hii ni aina ya fasihi simulizi ambamo hadhira nzima ni fanani.

Mhusika huzaliwa kwenye karatasi. Kwa kanuni za 1974, dadu tatu zilitupwa mara sita, na jumla zake, kuanzia 3 hadi 18, zikawa vipimo vya nguvu, akili, busara, siha, wepesi na mvuto wake. Kisha alipewa fani moja kati ya tatu: upiganaji, uchawi au ukasisi. Huyu kasisi ana historia inayoihusu mada hii. Husimuliwa kwamba katika michezo ya awali ya Arneson huko Minnesota, kanuni zikiwa bado hazijachapishwa, mhusika wa mchezaji mmoja alikuwa mnyonya damu, naye akawazidi nguvu wenzake wote. Ndipo akabuniwa kasisi, ili apatikane wa kumkabili. Yaani aina nzima ya mhusika ilizaliwa kwa sababu ya mnyonya damu.

Mwaka 1983 Tracy na Laura Hickman walitoa kisa kiitwacho Ravenloft. Ndani yake nchi ya Barovia inatawaliwa na mnyonya damu mmoja, Strahd von Zarovich, akaaye katika ngome iliyo juu ya jabali. Wahusika wa wachezaji ni wageni: huvutwa na barua, huzingirwa na ukungu, na mwisho humwendea mtawala ngomeni ili wamwue. Hawana shamba katika nchi ile, hawalipi kodi, wala hapana ndugu yao aliye mtumishi wa ngome. Mikono yao ni safi. Karatasi zao zaeleza kwa nambari wanavyoweza kupigana, lakini hazielezi wanaishije. Toleo jipya la kisa hicho, lililotolewa mwaka 2016, lakiri udhaifu huu kwa njia yake: hata Strahd akiuawa, baada ya miezi kadhaa hurudi na kutawala tena. Wageni wamekwisha kwenda zao. Wenyeji ndio wanaobaki naye.

Mchezo mwingine, Vampire: The Masquerade wa Mark Rein-Hagen (1991), ulipiga hatua mbele. Humo mchezaji mwenyewe ndiye mnyonya damu, na karatasi yake ina kipimo cha utu kinachoshuka kila atendapo ukatili. Kikifika sifuri, mhusika si wake tena. Huchukuliwa na msimulizi. Hapa pana dhamiri, na hilo ni jema. Hata hivyo dhamiri hiyo ni ya bwana peke yake. Yule anyonywaye hakuandikiwa karatasi.

Mumiani Mwenye Mshahara

Afrika ya Mashariki ilikuwa na wanyonya damu wake muda mrefu kabla ya michezo hii. Kamusi sanifu ya Johnson ya mwaka 1939 yaeleza kuwa mumiani ni dawa nyeusi mfano wa utomvu, iliyosemekana kutoka Uajemi, na kwamba wengi waliamini kuwa ni damu ya watu waliouawa kwa ajili hiyo. Katika nyakati za ukoloni jina hilo lilitumika pwani. Nairobi na Uganda walisemwa wazimamoto, na Tanganyika walisemwa chinjachinja. Mwanahistoria Luise White aliyakusanya masimulizi hayo katika kitabu chake Speaking with Vampires, kilichotolewa mwaka 2000.

Jambo la kutazamwa ni umbo la mhusika. Mnyonya damu huyu hana meno marefu wala ngome, na damu yenyewe haiinywi. Ana sare, gari, zamu na mshahara. Ni Mwafrika aliyeajiriwa, na damu anayoitwaa humpelekea mkubwa wake, ambaye mara nyingi ni Mzungu asiyeonekana. Msimulizi wa mtaani hakuanza kwa kueleza nguvu za mumiani. Alianza kwa kueleza kazi yake: anatoka saa ngapi, gari lake lina rangi gani, analipwa na nani, na kwa nini hawezi kumwambia mkewe afanyalo. Hofu ya hadithi imo katika jibu la swali hili la mwisho. Kwa kipimo cha uumbaji, mzimamoto huyu amekamilika kuliko Strahd.

Haifai, hata hivyo, kuyasifu masimulizi haya bila kuyatia kasoro. Kwa kuwa humwona mwajiriwa na hawamwoni mwajiri, wasimulizi huelekeza ghadhabu kwa mkono na kuusahau mdomo. Zimamoto halisi wa Nairobi walikuwa watu wa kazi kama watu wengine. Na jambo hili si la kale tu. Mwaka 2017, kusini mwa Malawi, uvumi wa wanyonya damu ulienea hata makundi ya watu yakawaua waliowashuku, na Umoja wa Mataifa ukawaondoa watumishi wake katika wilaya za Mulanje na Phalombe. Hadithi iliyojua vyema kazi ya mumiani ilikosea kuhusu mwenye kazi, na kosa hilo lilimwaga damu ya kweli.

Karatasi Iliyovaliwa Shingoni

Msomaji aliyeko Njoro anayo sababu ya pekee ya kulitafakari jambo hili. Ardhi ya Njoro na sehemu kubwa ya Nakuru ilikuwa katika eneo walilotengewa walowezi wa Kizungu. Sheria ya mwaka 1918 ilimtaka Mwafrika aliyekaa katika shamba la mlowezi amfanyie kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka, ili aruhusiwe kulima kipande cha ardhi na kuchunga mifugo yake. Tangu mwanzo wa miaka ya 1920, mwanamume Mwafrika alilazimika pia kuchukua kipande: hati yenye jina lake, alama za vidole vyake, jina la mwajiri, mshahara, siku aliyoanza kazi na siku aliyoachishwa. Hati hiyo ilitiwa katika kikebe cha chuma na kuvaliwa shingoni kwa kamba. Mwajiri asipotia sahihi, mfanyakazi hakuweza kuondoka kihalali.

Kipande kilikuwa karatasi ya mhusika. Tofauti yake na karatasi ya mchezo ni kwamba aliyeandikwa hakuwa na kalamu. Anayetaka kuumba mhusika wa ulimwengu unaotawaliwa na wanyonya damu angefaa kuanza hapa. Katika nchi kama hiyo watawala hawangekubali mtu ajiandikie mwenyewe alivyo. Wangemwandika wao, na wangeandika yale tu yanayowafaa.

Hata ngome haikosekani. Lord Egerton wa Tatton alianza kulijenga jumba lake la mawe karibu na Njoro mwaka 1938. Mwaka uliofuata alianzisha shule ya kilimo kwa vijana wa Kizungu, ambayo sasa ni Chuo Kikuu cha Egerton. Haisemwi hapa kwamba mwenye jumba alikuwa mnyonya damu. Linalosemwa ni kwamba jumba na shule vilitoka mkononi mwa mtu mmoja, na kwamba shule ile leo huwafundisha watoto ambao babu zao hawangeruhusiwa kuingia. Mhusika wa Njoro angekuwa na deni la aina hii: amepokea kitu chema kutoka katika mali asiyoweza kuibariki. Dadu tatu haziwezi kulipima deni hilo.

Wariinga na Mwaura

Ngugi aliiandika riwaya yake kwa Kikuyu akiwa mfungwa wa kisiasa katika gereza la Kamiti mwaka 1978. Ilitolewa mwaka 1980 kwa jina la Caitaani Mutharaba-ini, na mwaka 1982 ikatolewa kwa Kiswahili. Katika pango la Ilmorog wezi na wanyang'anyi wa kisasa wanashindana kwa kujisifu. Mmoja wao, Kimeendeeri wa Kanyuanjii, ana ndoto ya kuwafuga wafanyakazi na kuwakamua jasho, damu na ubongo kwa mitambo. Huu ndio ulimwengu wa wanyonya damu, na hapa mdomo umepewa jina, jambo ambalo masimulizi ya mumiani hayakuweza.

Jacinta Wariinga ameumbwa kwa utaratibu uliotetewa katika makala hii. Kabla msomaji hajajua uwezo wake, anajua alivyofukuzwa kazi kwa kumkataa mkubwa wake, na alivyotolewa katika chumba alichopanga. Baadaye anajua kwamba alisoma Nakuru, akaharibiwa na mzee tajiri wa Ngorika, akataka kujitupa mbele ya gari la moshi, na akazaa. Kila alama aliyo nayo ina jina la aliyeitia. Naye Robin Mwaura, mwenye matatu, ni ndugu wa mzimamoto wa masimulizi: humchukua abiria yeyote, hufanya lolote, maadamu amelipwa. Ni mhusika mdogo, lakini anasadikika kuliko matajiri wote wa pangoni, ambao wamekuzwa kwa kejeli hata wakawa bapa.

Mwishoni riwaya yaelekea upande wa dadu. Wariinga amekuwa fundi wa mitambo, amejifunza judo na karate, na amepewa bastola. Anagundua kuwa mzee wa Ngorika ndiye baba wa mchumba wake, naye anampiga risasi. Ni kama mchezaji aliyekusanya nguvu hatua kwa hatua mpaka akatosha kuingia ngomeni. Lakini uwanja wa karakana yao umekwisha kununuliwa na matajiri, na risasi ile haiurudishi. Kinachoiokoa riwaya ni kwamba Wariinga mwenyewe analijua hilo: anaondoka akifahamu kuwa taabu kubwa iko mbele yake. Wageni wa Barovia hawakupewa ujuzi huo.

Hitimisho

Kutokana na yaliyoelezwa, yapo maswali matatu ambayo muumbaji, awe mwandishi au mchezaji, angefaa kuyajibu kabla ya kugusa dadu. Kipande cha mhusika kimeandikwa na nani? Amepokea nini kutoka kwa mwandishi huyo? Na ni jambo gani ambalo kipande hakikuliandika?

Chukua mfano wa dereva katika shamba moja la Njoro ya kubuni. Kipande chake chasema ni mwaminifu, na kwamba huendesha gari usiku. Amepokea karo ya bintiye. Hakikuandikwa kwamba siku moja alilifunua turubai na kutazama alichokuwa amekibeba, akalifunika tena, akaendelea na safari. Mhusika huyu hana upanga wala uchawi. Lakini mchezaji atakayemchukua hataweza kukaa mezani kama mgeni, maana kila njia aichaguayo itamgharimu binti au itamgharimu abiria aliye chini ya turubai.

Fasihi ya Kiswahili imekwisha kumsawiri mnyonyaji mara nyingi, na mara nyingi vilevile imemsawiri shujaa anayemwangusha. Aliyeachwa bila kuchunguzwa vya kutosha ni yule wa katikati, aliye na sare na mshahara. Ni juu ya waandishi kumpa karatasi yake, na ni juu ya wahakiki kuisoma bila kumfanya mumiani peke yake.