Shada la Mfalme

Wengi walioandika juu ya kaburi la Farao Tutankhamun, lililovumbuliwa mwaka 1922, hung'ang'ania dhahabu. Howard Carter, mvumbuzi mwenyewe, alikuwa na jicho zaidi ya hapo. Mwaka 1924, kifuniko cha sanduku la jiwe kilipoinuliwa, alikuta shada dogo la maua makavu likiwazunguka swila na tumbusi kwenye paji la uso la jeneza. Akaandika kwamba katika fahari yote ile hapakuwa na kitu kizuri kupita maua hayo yaliyosinyaa.

Hapo tuko pamoja. Tunaachana pale anapopenda kuamini kuwa ni buriani ya malkia kijana aliyefiwa. Ushahidi haupo, na hata ungekuwapo, ungetufundisha nini juu ya shada lenyewe? Vyuoni nimeona kazi ya mikono ikipewa alama kwa hadithi ya kusikitisha ya aliyeifanya. Huko si kusahihisha.

Tuitazame kazi. Katika mashada ya kaburi hili majani ya mzeituni yamekunjwa juu ya utepe wa mafunjo, jani moja likionyesha mgongo wake wa kijani, la pili tumbo lake lenye rangi ya fedha. Kati yake yametiwa maua madogo ya buluu, jamii ya yale yaotayo katikati ya ngano kule Ulaya. Zaidi ya miaka 3,000 imepita na mpango huo ungali unasomeka.

Ukosi uliowekwa juu ya jeneza la ndani, lile la dhahabu, nauweka nyuma kidogo. Una safu tisa za majani, matunda, maua na ushanga. Hata tunguja (zile zilizowagombanisha Raheli na Lea) zimekatwa nusu zikashonwa humo. Matunda yamenyauka, ushanga haukunyauka, basi sasa ushanga ndio unaopiga kelele.

Kwa maua na matunda hayo, Percy Newberry alikadiria kuwa mfalme alizikwa kati ya katikati ya Machi na mwishoni mwa Aprili. Shada lilitaja majira yake bila kuandikwa neno.

Mashada ya maua makavu yanayotundikwa milangoni Ulaya na Marekani kila majira ya kuchipua mara nyingi hayasemi hivyo. Ua la kiangazi hukaushwa, likapakwa rangi ya ua changa. Mwanachuo akiniletea moja nilisahihishe, ningeligeuza kwanza nione nyuma limefungwa au limejaa gundi.