Kabla hujanunua amplifaya, kagua pedi

Kuna bibi mmoja wa Muleba kwenye rekodi zangu za utafiti. Anasimulia kwa Kimwani dakika arobaini, upepo wa ziwa ukivuma nyuma yake. Katikati ya simulizi anatamka neno ambalo Jumatatu niliandika lina s. Alhamisi nikalisikiliza tena, nikaandika f. Rekodi ni ile ile. Kilichobadilika ni pedi za hedifoni, yaani zile sponji zinazokaa masikioni.

Hedifoni zenyewe ni Fostex T50RP, chombo cha studio ambacho wapenda sauti wamekuwa wakikifungua na kukichezea kwa miaka mingi. Wanajaza pamba ndani ya vikombe, wanabandika udongo wa kuchezea watoto ili plastiki isitetemeke, wanaziba baadhi ya matundu ya hewa, halafu wanaweka pedi nene za ngozi. Zangu ni mtumba, nilizikuta zimeshafanyiwa yote hayo, na ushauri uliokuja nazo ndio ule unaozunguka kila kona: pedi ni starehe ya sikio tu, ukitaka sauti safi tafuta amplifaya. Kwa maoni yangu, ushauri huo umesimama kichwa chini miguu juu.

Tuanze na besi. Spika ya hedifoni inasukuma hewa kidogo iliyofungiwa kati yake na sikio lako. Pedi ikiziba vizuri, msukumo unabaki humo na besi inasikika. Ikiwepo nafasi, hata ile ndogo inayoachwa na mkono wa miwani, hewa inatoroka na besi inatoroka nayo. Kwa hiyo si unene unaoleta besi, ni kuziba. Ukivaa miwani utaelewa haraka: bonyeza vikombe kwa viganja huku ukisikiliza Saida Karoli, uone ngoma zinavyosogea mbele. Pedi za kitambaa nazo huvujisha hewa zaidi kuliko za ngozi, ndiyo maana besi yake mara nyingi huwa nyepesi.

Unene una kazi nyingine, na hapo ndipo nilipoumia. Pedi nene huisogeza spika mbali na sikio na kupanua chumba cha hewa, na sauti za juu zinaanza kugongana na kuta za chumba hicho: baadhi zinakuzwa, baadhi zinafifia. Nguvu kubwa ya s iko juu ya Hz 4,000, wakati f ni dhaifu na imetawanyika. Ukififisha eneo hilo, s inaanza kufanana na f. Wakati huo huo besi iliyojaa inaukuza upepo wa ziwa. Kwa muziki, pedi zile ni tamu kwelikweli, sikatai. Kwa kuandika lugha ambayo haina maandishi mengi ya kukusahihisha, ni hatari.

Na amplifaya je? Hapa hesabu inasaidia. T50RP mk3 ina ukinzani wa omu 50 na inatoa desibeli 92 kwa miliwati moja. Kifaa kidogo cha simu kinachotoa volti 1 kinaipa miliwati 20, sawa na desibeli 105. Shirika la Afya Duniani linashauri desibeli 80 kwa saa 40 tu kwa wiki! Amplifaya inakuongezea akiba kwa rekodi zilizonaswa kwa sauti ya chini sana, basi. Haigusi s wala f.

Kuna hedifoni ambazo amplifaya huzibadilisha kweli. Chukua yenye omu 32 ambayo kwenye besi hupanda hadi 64. Ukiichomeka kwenye amplifaya yenye ukinzani wa ndani wa omu 100, besi hupanda kama desibeli 4. Kwenye yenye omu 1, tofauti ni sehemu ndogo ya desibeli. Lakini spika ya T50RP ni utando bapa, ukinzani wake karibu haubadiliki toka chini hadi juu, kwa hiyo mchezo huo haupo. Anayesema amplifaya "imeifungua" huenda aliongeza sauti tu, maana sikio hupenda kilicho juu kidogo. Msawazishie sauti ziwe sawa, halafu muulize tena.

Hata mabadiliko ya ndani ya vikombe siyapi alama nyingi kama wanavyojisifu wenyewe. Pamba ilituliza mwangwi, sawa. Ila aliyezirekebisha alisikiliza kwa pedi moja, na ukibadilisha pedi hiyo kazi yake yote inayumba.

Nimerudisha pedi nyembamba za kiwandani. Besi imepungua, sikio linachoka baada ya saa moja. Nikafungua mchoro wa sauti kwenye Praat: neno la bibi lina s. Sasa nina kurasa kumi na moja za kupitia upya, zote nilizoandika tangu Alhamisi.