Fundi wa Kupanga Ukoo

Kila Desemba mabasi ya kwenda Moshi hujaa, na koo za Wachagga zilizotawanyika Dar es Salaam, Nairobi na ughaibuni hurudi kihambani, kwenye shamba la ukoo. Mbuzi huchinjwa, mtori huchemka, kata ya mbege huzunguka. Kisha mmoja hupaza sauti: "Jamani, picha ya ukoo!" Hapo huanza kazi inayodharauliwa na wengi, nami leo naisifu.

Bibi harusi hujiandaa kupigwa picha, ukoo haujiandai. Watoto wako migombani, vijana wamezama kwenye simu, wazee wamefika katikati ya hadithi. Fundi huwakusanya wote bila kumfokea yeyote. Kwa mzee huanza na shikamoo, ndipo huomba: "Baba mkubwa, naomba usogee kidogo kwa shangazi."

Kisha hupanga. Kiti cha katikati ni cha mkubwa kuliko wote, hata kama mwanawe ndiye aliyegharamia sherehe nzima. Watoto huketi mkekani. Wana na wakwe husimama nyuma ya wazazi wao, nyumba kwa nyumba, ili kitukuu atakayeishika picha hiyo aisome nasaba yake. Asiyejua nani ni wifi wa nani haiwezi kazi hii, hata awe na kamera ya bei ya gari.

Kamera nayo ina madai yake. Jua la Desemba saa saba mchana hukaa karibu na utosi na kuyajaza macho giza, na kivuli cha migomba hutia nyuso madoadoa ya mwanga. Fundi hutafuta kivuli kizima cha ukuta wa nyumba. Huepuka lenzi pana mno, kwa kuwa huwavimbisha waliosimama pembeni. Heri arudi nyuma na lenzi ya milimita 35 au 50. Tundu la lenzi hulibana hadi f/8 au f/11 ili aliyeketi mbele na aliyepanda ngazini waonekane kwa ukali uleule.

Halafu kuna kope. Mwaka 2006 Nic Svenson na Piers Barnes wa taasisi ya CSIRO, Australia, walipata tuzo ya Ig Nobel, ile ya tafiti za kuchekesha na kufikirisha, kwa kupiga hesabu ya wanaofumba macho pichani. Kwa kundi lisilofika watu 20 penye mwanga mzuri, walisema, gawa idadi ya watu kwa tatu, upate idadi ya picha za kupiga. Wakifika 50, kupata picha ambayo wote wamefumbua macho ni karibu muhali. Fundi hajali. Hupiga nyingi mfululizo, akiwatania ili wasikauke.

Lakini kipimo chake kikubwa ni swali analouliza kabla ya kubonyeza: "Nani yuko jikoni?" Kila mwaka wanaokosekana pichani ni walewale waliowapikia wengine. Fundi wa kweli huagiza waitwe, hata chungu kiungue, kwa maana picha ya ukoo isiyo na wapishi ni ya uongo.

Basi mkikutana mwaka huu, pigeni picha kabla chakula hakijapakuliwa. Mpeni fundi msaidizi anayewajua watu wote. Na picha msiiache ipotelee kwenye simu: isafisheni, kisha andikeni majina nyuma yake, kushoto kwenda kulia, mstari kwa mstari.