Mjeledi wa Adili

Aghalabu wasomaji wa Adili na Nduguze, hadithi ya Shaaban Robert iliyotoka mwaka 1952, huishika kwa upande wa ndugu wawili waovu. Majina yao yanatosha kuwahukumu: mmoja ni Hasidi, wa pili ni Mwivu. Mwalimu darasani huuliza husuda imewafikisha wapi, na mwanafunzi hujibu kwamba imewageuza manyani. Jibu hilo si kosa. Hata hivyo, linaruka jambo moja lililo wazi katika mpangilio wa hadithi yenyewe. Ukatili wa kwanza ambao msomaji anaushuhudia haufanywi na Hasidi wala Mwivu. Unafanywa na Adili.

Ikibali ametumwa na Rai, mfalme wa Ughaibu, kwenda Janibu ambako Adili ni liwali. Anapokewa kwa heshima zote. Usiku, mgeni anamwona mwenyeji wake akiondoka kwa siri na kuingia chumba walimofungwa manyani wawili. Adili anawapiga kwa mjeledi. Akiisha kuwapiga, anawabembeleza na kuwalisha, kisha anarudi kulala. Asubuhi ni liwali yuleyule mwenye uso mkunjufu, mpenda haki, kipenzi cha raia. Usiku unaofuata anainuka tena.

Baadaye msomaji anaelezwa sababu. Manyani hao ni ndugu zake wa damu, waliomtupa baharini kwa tamaa ya mali na wivu wa mapenzi. Huria, jini aliyekuwa na deni la wema kwake, alimwokoa, akawageuza ndugu wale na kumwamuru awapige kila usiku. Akiacha, adhabu itamrudia mwenyewe. Ugumu wa hadithi umelala hapo. Adili ana kila kitu ambacho mtu huhitaji ili aendelee kuumiza bila kujiona mbaya: dhuluma ya kweli aliyotendewa, amri ya mwenye nguvu kuliko yeye, na zoea lililokwisha kupata saa yake na chumba chake.

Machozi yake pia yamo ndani ya zoea hilo, na hapa ndipo uhakiki hauna budi kuwa mkali kidogo. Wengi wameyasifu machozi ya Adili kuwa ni ushahidi wa huruma. Lakini machozi hayo hayajazuia pigo hata moja. Yamekuwa fungu la ibada ya usiku: kwanza mjeledi, halafu majuto, halafu chakula. Anayejuta kila siku kwa jambo atakalolirudia kesho amepata njia ya kuishi na jambo hilo. Hajapata njia ya kuliacha. Shaaban Robert hatamki hukumu hiyo kwa maneno, lakini ameipanga katika matendo, na msomaji anayeiona hatasoma tena sura zile kwa moyo uleule.

Basi ni nini kinachovunja zoea? Ikibali hamnyang'anyi mwenyeji wake mjeledi, wala hamhubirii. Anaona, kisha anasema alichokiona mahali panapostahiki. Rai naye haanzi kwa kulaani. Anamwita Adili pamoja na manyani wake na kumtaka aeleze. Sehemu kubwa ya kitabu ni maelezo hayo, mtu mwema akisimulia kwa sauti, mbele ya wengine na mbele ya wale anaowapiga, jinsi alivyofika kuwa mpigaji. Jambo lililofanyika gizani bila maneno sasa limepata maneno. Hadithi inaturuhusu kufikiri kwamba kabla ya siku hiyo Adili alikijua anachokifanya, lakini hakuwahi kukisikia.

Msomaji mkaidi atasema kuwa hapa pana udhaifu. Rai ndiye anayeandika barua kwa majini kuwaombea ndugu wale, na majini ndio wanaotoa radhi. Adili haamui, anaamuliwa. Kama shabaha ya kitabu ni kufunza kwamba mwanadamu aweza kuuvua ukatili kwa hiari yake, mbona hiari yenyewe imewekwa mikononi mwa wakubwa? Hoja hiyo ina uzito, na inazidi uzito mtu akikumbuka Utubora Mkulima, kitabu kilichotoka mwaka 1968 baada ya mwandishi kufariki mwaka 1962. Huko Utubora anaacha kazi ya mshahara mjini na kushika jembe kwa uamuzi wake mwenyewe, bila barua ya mfalme wala agizo la jini. Kwa kipimo cha hiari, Utubora ni mtu mzima zaidi kuliko Adili.

Hata hivyo, majina katika maandishi ya Shaaban Robert hayawekwi kwa bahati. Adili ni uadilifu. Rai ni shauri, ni fikra iliyopimwa kabla ya kutamkwa. Nchi yake ni Ughaibu, neno linalobeba maana ya kisichoonekana. Msomaji ana haki ya kusikia hivi: uadilifu uliobaki peke yake na machungu yake hushika mjeledi, na shauri linalokaa ndani ya mtu, mahali pasipoonekana, ndilo linalouita utoe hesabu. Kwa usomaji huo mfalme si mkubwa wa nje tu. Ni ile sehemu ya nafsi inayoweza kuitazama sehemu nyingine na kuiuliza: unafanya nini kila usiku?

Ushahidi mwingine wa nia ya mwandishi umo katika alichokikataa. Hadithi hii ina mizizi katika Alfu Lela Ulela, katika kisa cha Abdallah bin Fadhil na ndugu zake waliogeuzwa mbwa. Katika kisa hicho cha kale ndugu wanasamehewa, wanarudia uovu, na mwisho wao ni kuuawa. Funzo lake ni kwamba aliyezoea ubaya habadiliki, na aliyemhurumia alipumbaa. Shaaban Robert aliuacha mwisho huo. Kwake ndugu wanarudi kuwa watu, nao wanabaki watu. Wako watakaosema kwamba alilainisha kisa kwa ajili ya vijana wa shule. Yafaa kusema kinyume chake, kwamba alichagua mwisho ulio mgumu kuusadiki, na akajitwisha mzigo wa kuutetea.

Mzigo huo unaonekana vyema mtu akiupeleka mahali ambapo majini hayapo. Katikati ya miaka ya 1940 Shaaban Robert, mzaliwa wa pwani ya Tanga, alifanya kazi ya serikali Mpwapwa, nchi ya ng'ombe na mashamba. Kando ya Mpwapwa, chini ya milima ya Rubeho, liko bonde la Lumuma, leo kata ya Wilaya ya Kilosa, mashuhuri kwa vitunguu vinavyolimwa kwa maji ya mfereji. Mahali pa mfereji ni mahali pa zamu, na penye zamu mtu hukumbuka vizuri sana nani alimwibia maji mwaka juzi. Mwenye kukisoma kitabu hiki huku akiikumbuka nchi hiyo hatouliza tena kama Hasidi alistahili adhabu. Atauliza ni mara ngapi jirani aliyekosewa kweli amegeuza kosa lile kuwa ruhusa ya maisha.

Kilosa inaijua gharama ya ruhusa hiyo. Mwezi Desemba 2000, katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni, watu 38 waliuawa katika ugomvi wa wakulima na wafugaji. Msiba wa namna hiyo una sababu zake za ardhi, za maji, za mipaka na za utawala, na hakuna shairi wala hadithi itakayozifuta. Mkulima ambaye mahindi yake yameliwa ana haki ya kulipwa. Mfugaji ambaye ng'ombe wake wamekamatwa na njia ya maji kufungwa ana haki ya kusikilizwa. Lakini kati ya kosa la kwanza na maiti ya mwisho kuna siku nyingi za kawaida, na katika siku hizo watu wema huinuka usiku, kila mmoja na mjeledi wake, kila mmoja na amri yake. Huyu husema wazee wameagiza, yule husema walianza wao.

Mjeledi wa kila siku aghalabu ni neno. Wabarabaig wanaochunga katika nchi hizo wameitwa na majirani Mang'ati, jina linalotokana na neno la Kimaasai lenye maana ya adui. Mtu aweza kulitamka bila chuki yoyote moyoni, kwa mazoea tu, na bado amemwita jirani yake adui kabla ya kumwamkia. Wasomaji wa mwambao wasijione wako mbali na hayo. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda bara ilipita Usagara na Mpwapwa, na pamoja na vitambaa na shanga ilibeba neno mshenzi, ambalo watu wa pwani waliwapa wenye nchi. Misafara imekwisha zamani. Neno limebaki, linatumika kwa mtoto mtundu, kwa dereva mbaya, kwa mgeni asiyejua adabu za mji, na anayelitumia huona anafundisha ustaarabu. Naye pia ana sababu yake, ana amri ya wakubwa waliomtangulia, na ana zoea.

Hapo ndipo hadithi ya Adili inapofanya kazi ambayo wosia mtupu haiwezi. Wosia humwambia mtu awe na huruma, naye hukubali, kwa kuwa hana habari kwamba anaambiwa yeye. Hadithi humweka kwanza mahali pa Ikibali, akichungulia na kushtuka. Kisha polepole humhamisha mpaka mahali pa Adili, akieleza. Msomaji aliyeanza kwa kumshangaa liwali humaliza akihesabu manyani wake mwenyewe.

Wala huruma anayoifikia Adili si usahaulifu. Ndugu hawarudishiwi sura zao kwa kuficha walichotenda. Yote yamesemwa wakiwapo: bahari, mali, usaliti. Msamaha unakuja baada ya hesabu kutolewa kamili, na kwa sababu hiyo hauwezi kudharauliwa kuwa ni unyonge. Wanaoogopa kwamba upole utaifuta haki yao wanaweza kuupima mpangilio huo. Hadithi haikumwambia Adili kwamba hakudhulumiwa. Ilimwonyesha kwamba dhuluma ile ilikwisha siku moja baharini, na kipigo kimeendelea usiku baada ya usiku.

Kuhusu hiari iliyolalamikiwa hapo juu, ipo sehemu ndogo ambayo wasomaji huipita kwa haraka ya kutaka kujua mwisho. Kati ya barua ya Rai kuandikwa na jibu la majini kupatikana kuna usiku mmoja. Rai amekwisha kuagiza, lakini mkono ni wa Adili, na Huria hajasema neno. Adili hajui kama atasamehewa kwa kuacha, na anajua adhabu aliyoahidiwa. Ndugu zake bado ni manyani; hawajatubu kwa kauli wala kubadilika kwa sura. Usiku huo, kwa mara ya kwanza kwa nia iliyotimia, saa ya mjeledi inafika na mjeledi hauinuliwi.

Radhi ya majini na furaha zote za mwisho wa kitabu zinafuata baada ya hapo, na nyingi kati yake ni mapambo ya hadithi za aina hii. Usiku ule si pambo. Mkulima wa Lumuma aliye kwenye zamu ya maji aweza kuwa nao, na mwana wa mji aliyeketi barazani aweza kuwa nao, akilishika neno lililokwisha kufika ulimini na kulirudisha.