Mali ya Waliokaa Kinyumba: Mkataba Hauhalalishi, na Jasho Halipotei

Bismillahir-Rahmanir-Rahim.

Imezuka hoja ambayo hata baadhi ya Waislamu wanaipokea bila ya kuipima: kwamba mwanamume na mwanamke wanaoishi pamoja bila ya ndoa waandikiane mkataba wa mali, kila mmoja ajue chake, mambo yakaishia hapo. Upande wa pili wamo ndugu zetu, wakiwemo maimamu, ambao wakijiwa na mwanamke aliyefukuzwa katika nyumba ya namna hiyo hujibu kwa mkato: "Huyo alikuwa hawara, hana haki." Kwa maoni yetu pande zote mbili zimekosea, na kosa la hawa wa pili ni zito zaidi kwa kuwa linasemwa kwa jina la dini.

Tuchukulie mfano wa Kamsamba, huko Momba katika mkoa wa Songwe, ambako mpunga ndio maisha. Mwanamume ana shamba. Mwanamke amekuja kukaa naye; hakuna walii aliyeozesha wala shahidi. Misimu sita amepanda, amepalilia, amewinga ndege, amevuna. Magunia yakauzwa Mlowo na Tunduma, ikajengwa nyumba ya bati kwa jina la mwanamume. Msimu wa saba anaolewa mke wa ndoa, na yule wa kwanza anaambiwa afungashe nguo zake. Je, chake ni nguo tu?

Kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinasema waliokaa pamoja miaka miwili au zaidi, hata jamii ikawajua kuwa ni mume na mke, huchukuliwa kuwa wameoana mpaka ithibitishwe vinginevyo. (Mitaani husemwa miezi sita, si kweli.) Dhana hiyo ikivunjwa kwa ushahidi, bado mahakama inaweza kuamuru matunzo ya mwanamke na ya watoto, na katika shauri lililochapishwa kwenye ripoti za sheria za mwaka 1994 Mahakama ya Rufani ilikubali kuwa hata mali iliyochumwa pamoja inaweza kugawanywa.

Tunachokipinga ni ile dhana ya mwanzo. Kwa Mashafii nguzo za ndoa ni tano: mume, mke, walii, mashahidi wawili na tamko la kuozesha na kukubali. Miaka miwili, au ishirini, haileti hata nguzo moja kati ya hizo. Ama katika mali, sheria hiyo imeona jambo ambalo sisi tunalisahau.

Sasa tufungue vitabu. Pesa inayotolewa kwa ajili ya zinaa ni haramu, na mwanamke aliyeridhia zinaa hana mahari. Hapo hapana mjadala. Basi mkataba wa "kaa nami, nitakupa nusu ya nyumba" ni batili kwetu. Na hata Sheria ya Mikataba ya nchi, katika kifungu cha 23, inabatilisha makubaliano ambayo mahakama inaona lengo lake ni kinyume cha maadili. Wanaowahimiza watu kuandikiana wangeanza kuwaambia hilo.

Lakini kupalilia mpunga si zinaa. Imam Nawawi katika Minhaj anaeleza kuwa mwenye shamba akimpa mtu alime kwa kugawana mavuno, mbegu zikiwa za mwenye shamba, makubaliano hayo hayasihi; mavuno ni ya mwenye shamba, naye anadaiwa ujira wa kazi ya yule aliyelima. Ubatili wa makubaliano haukuondoa ujira.

Hata hivyo tusiwe wepesi. Kitabu hicho hicho kinasema aliyefanya kazi bila ya kutajiwa ujira hana kitu, kwa kauli yenye nguvu. Ipo kauli nyingine kuwa akijulikana kwa kufanya kazi hiyo kwa malipo, analipwa, na Nawawi anadokeza kuwa kauli hii huenda ikapendeza. Mwanamke wetu wa Kamsamba, kama hakuahidiwa chochote, amesimama penye khitilafu hii. Imamu anayemfukuza kwa neno "hawara" hajamaliza kesi, hata hajaianza. Amuulize: mbegu zilikuwa za nani? Alitia pesa yake, au ng'ombe wa kwao? Alichotia ni mali yake, arudishiwe. Aya ya 32 ya Suratun-Nisaa imethibitisha chumo la mwanamke kama ilivyothibitisha la mwanamume. Aliahidiwa sehemu ya mavuno? Basi kwa uchache ana ujira wa mfano. Hakuahidiwa? Watafutiwe sulhu mbele ya wazee, na mwanamume akumbushwe kuwa toba yake inadai kurudisha haki za watu.

Urithi ni jambo jingine. Wawili hao hawarithiani, na mtoto wao anarithiana na mama, si na baba. Wasia hadi theluthi unajuzu.

Na wakiwa bado wako pamoja na wanataka kutubu, waozeshwe kwa mahari nyepesi. Wazazi wanaoshikilia idadi ya ng'ombe wajue wanachokizuia. Madeni yao ya nyuma ndiyo yaandikwe mbele ya mashahidi, kama ilivyoamrishwa katika aya ya 282 ya Suratul-Baqara, siku hiyo hiyo ya akdi.

Wallahu aalam.