Ukweli wa Daima katika Kauli Taarifa: Uhakiki wa Kanuni ya Kurudisha Njeo Nyuma

Katika ufundishaji wa sarufi shuleni, mara nyingi mwanafunzi huelekezwa kwamba kauli halisi inapogeuzwa kuwa kauli taarifa, na kitenzi cha kishazi kikuu kikiwa katika wakati uliopita, njeo ya kishazi tegemezi nayo irudishwe nyuma. Makala haya yanadai kwamba kanuni hiyo ni ya Kiingereza, na kwamba tumeiazima bila ruhusa inayoambatana nayo: katika Kiingereza chenyewe, ukweli wa daima unaweza kubaki katika wakati uliopo.

Tuchunguze mifano ifuatayo:

(1) Mzee wa Kizota alisema kuwa mvua hunyesha kuanzia Desemba.
(2) Mzee wa Kizota alisema kuwa mvua ilikuwa ikinyesha kuanzia Desemba.

Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, takriban Desemba hadi Aprili. Tungo (1) inauripoti msimu huo kama desturi ya mahali. Tungo (2), ambayo nimeona ikiandikwa kwa wino mwekundu juu ya (1) katika madaftari ya wanafunzi, inaelekea kuleta maana nyingine: zamani ilikuwa hivyo, na sasa huenda sivyo. Kwa mkulima wa mtama, tofauti hiyo si ndogo.

Kimofolojia, kitenzi chenye *hu-* hakipokei kiambishi cha nafsi wala cha njeo. Ili kukirudisha nyuma, mara nyingi tunaiondoa *hu-* na kuunda kitenzi ambatani. Kisemantiki, njeo ya kishazi tegemezi hupimwa kwa wakati wa usemi wa awali: *alisema anaumwa* humaanisha kuwa aliumwa wakati aliposema. Comrie (1985) anaonyesha kwamba Kirusi nacho huihifadhi njeo ya msemaji wa awali.

Inaweza kupingwa kwamba kurudisha njeo nyuma humwezesha mripoti kujitenga na dai asiloliamini. Hoja hiyo ina uzito katika Kiingereza. Kiswahili kina nyenzo nyingine:

(3) Alisema eti mvua hunyesha Agosti.

Hapa *hu-* imebaki palepale. Shaka imebebwa na *eti*.

Inapendekezwa, basi, kanuni ifundishwe hivi: nafsi, viashiria na vielezi vya wakati vibadilishwe inapobidi, lakini njeo iguswe pale tu maana inapodai. Mtahini anayeikataa tungo (1) anamwadhibu mwanafunzi kwa Kiswahili sahihi.