Mkono wa Mbele wa Lottie Mwale

Samaki wa Ziwa Mweru hawaishii Mweru. Hukaushwa, hupakiwa kwenye magunia pale Kashikishi, jirani ya Nchelenge, hupitishwa Mansa, huvushwa mto Luapula pale Chembe, ambako tangu 2008 kuna daraja mahali palipokuwa na pantoni, kisha hukatiza kile kipande cha Congo kilichojichomeka ndani ya Zambia na kutokea Mufulira. Hapo umeshaingia Copperbelt. Vijana wa ziwani nao walishika njia hiyohiyo, baba na mwana, kutafuta kazi migodini. Na migodini ndiko ngumi za Zambia zilikopata ulingo, kocha na watazamaji waliotoka zamu wakiwa na hamu ya kuona mtu mwingine akitoka jasho. Kwa hiyo nikiwa huku ufukweni najipa ruhusa ya kumzungumzia Lottie Mwale, bondia wa Copperbelt, kana kwamba tuna hisa kwake.

Mashabiki wengi husifu konde la mwisho, lile linalomlaza mtu. Mimi, nikimfikiria Mwale, navutiwa na yale yanayotangulia. Bondia anayesimama kwa mguu wa kushoto mbele huishi kwa mkono wa kushoto. Mkono huo hupima umbali, humziba mpinzani macho, humvurugia mwendo, humlazimisha kuinua glovu ili mbavu zibaki wazi. Ngumi yenyewe ni ndogo, haimwangushi mtu. Lakini ikirushwa raundi tatu mfululizo bila pupa, mpinzani huanza kuifikiria, na akishaanza kuifikiria amesahau mkono wa kulia.

Wavuvi wa chisense wa hapa Nchelenge wangemwelewa haraka bondia wa namna hiyo. Chisense, kidagaa cha Mweru, huvuliwa usiku kwa taa, na giza la mwezi mchanga ndilo zuri. Taa haivui samaki. Kazi yake ni kuwakusanya. Mvuvi mwenye haraka huinua wavu kundi likiwa bado limetawanyika na kurudi na mtumbwi mwepesi. Anayejua kazi hukaa kimya, anaacha maji yachemke samaki, ndipo anavuta. Mkono wa mbele ni taa.

Kuna sehemu ya ufundi huu isiyoonekana kabisa kwa mtazamaji, nayo ni miguu. Ngumi huanzia kwenye kidole gumba cha mguu wa nyuma, hupanda kwa goti, huzunguka kiunoni, na bega huifikisha tu. Ndiyo maana mabondia huruka kamba hadi inachosha kuwatazama, na kupigana na kivuli chao ukutani. Mwili unafundishwa kutouliza maswali. Mbele ya mtu anayekurushia makonde hakuna nafasi ya kukumbuka mguu gani utangulie.

Mwale alitwaa dhahabu ya Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Christchurch, New Zealand, 1974, katika uzito usiozidi kilo 71. Miaka miwili baadaye Zambia ikawa miongoni mwa nchi nyingi za Afrika zilizogomea Olimpiki ya Montreal, kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imezuru Afrika Kusini ya makaburu. Mlango huo ukafungwa kwa bondia yeyote wa Zambia. Mwale akaingia ngumi za kulipwa. Mwaka 1977 alimzima Tony Sibson katika raundi ya kwanza. Wakati ule Sibson alikuwa kijana wa Kiingereza tu. Miaka sita baadaye alikuwa akisimama mbele ya Marvin Hagler kugombea ubingwa wa dunia.

Ninachokistahi zaidi ni kilo. Kutoka 71 alipanda hadi 79, na wengi wakipanda hivyo hubeba nguvu na kuacha kasi nyuma. Mwale alitwaa mataji ya uzito mpya akiwa bado mwepesi. Alishika mkanda wa Jumuiya ya Madola kuanzia 1979 hadi 1985. Miaka sita ya kupanda mzani, kukataa sahani ya pili ya nshima, kukimbia alfajiri hata pale pambano lijalo halijulikani lini. Usiku wa ushindi hupigwa picha. Hiyo miaka sita haipigwi picha na mtu.

Novemba 28, 1980, huko San Diego, alipanda ulingoni na Matthew Saad Muhammad, bingwa wa dunia wa WBC. Huyu alikuwa mtu wa ajabu. Julai ya mwaka huohuo alikuwa amepokea mvua ya makonde ya Yaqui Lopez katika raundi ya nane, umati ukidhani kazi imekwisha, kisha akaja kushinda katika ya 14. Kwa bondia anayejenga kazi yake juu ya kumfikirisha mpinzani, hakuna mpinzani mbaya kama yule asiyejali anachopigwa. Raundi ya nne Mwale alikuwa chini. Tangu siku hiyo wapo wanaomhukumu kwa usiku ule mmoja, na nadhani wanamwonea. Mustafa Wasajja wa Uganda, naye bondia wa daraja la juu aliyegombea ubingwa wa dunia na Michael Spinks 1982, alikutana na Mwale na hakuweza kumpita. Aliyemvua mkanda wa Jumuiya ya Madola mwaka 1985, Leslie Stewart wa Trinidad, alikuwa bingwa wa dunia wa WBA miaka miwili baadaye.

Mwaka uleule wa 1985, Mzambia mwingine, Chisanda Mutti, alikuwa Monte Carlo akigombea ubingwa wa IBF na Lee Roy Murphy. Raundi ya 12 walipigana ngumi kwa wakati mmoja na wote wawili wakaanguka. Murphy aliinuka, Mutti hakuinuka. Umbali kati ya bingwa na asiye bingwa ulikuwa sekunde za kuinuka.

Mwale alifariki 2005 akiwa ameugua Parkinson kwa muda mrefu. Wasajja naye, aliyefariki 2009, aliandamwa na ugonjwa huohuo. Ufundi wa kukwepa hupunguza makonde, hauyafuti, na yale ya mazoezini hakuna anayeyahesabu.

Mkanda kama ule alioufuata Mwale hadi San Diego ulitua Lusaka Januari 2016. Catherine Phiri alimshinda Yazmín Rivas wa Mexico na kuuvaa wa WBC wa wanawake, uzito wa bantam, akaukalia mpaka Aprili 2017, Mariana Juárez alipomnyang'anya huko Mexico.